Mwendo wa Kuongea

Kocha Lugembe amenikataza mbio.
"Miezi miwili, Nkwimba. Ukishindwa kuongea, umezidisha."
Basi kila alfajiri natoka Kirumba kama mgonjwa,
vidole shingoni, sekunde kumi na tano, mara nne:
mia thelathini na sita.
Punguza.

Sina wa kuongea naye, kwa hiyo nayasimulia mawe
bei ya sato, kodi ya chumba, goti la kushoto.
Mawe ya Mwanza yamebebana tangu zamani,
hakuna aliyewahi kuyaona yakihema.

Kwenye kona ya Mwaloni wananipita kina mama wa dagaa,
ndoo kichwani, kandambili miguuni.
"Mwanariadha, gari limezima?"
Nacheka. Pumzi ya kucheka ninayo,
na hicho ndicho kipimo.

Kocha anasema kazi haionekani:
moyo unajifunza kujaa kabla ya kumwaga,
vishipa vinatambaa msulini kama mizizi ya gugumaji,
na vinu vidogo, vidogo kuliko vumbi la unga,
vinazaliana nikilala.
Nikilala! Kumbe na kukoroma ni mazoezi.

Alhamisi tu ndiyo ruhusa: mlima wa Bugando, mara sita.
Mara ya nne natapika uji.
Mara ya sita sikumbuki.

Jana kliniki muuguzi alinishika mkono, akatazama saa,
akanishika tena.
"Arobaini na mbili. Dada, unajisikia vibaya?"
Sikumjibu upesi.
Kati ya pigo na pigo palikuwa na chumba
nilichokijenga polepole, huku ndoo zikinipita.
Nilikuwa ndani.