Barafu ya Mtera

Mapande tisa, Chiwanga, kwa mkopo wako,
niliyafunga kwa magunia na pumba za mpunga
toka Dodoma, usiku kucha.
Mtumbwi ukagonga kisiki
cha mgunga uliozama bwawa lilipojaa.

Sasa yanaelea.
Yanaonyesha kipara tu,
kama kiboko; mwili uko chini.
Napiga kasia katikati yake,
nayaita kama mbuzi waliotawanyika.
Moja likalia, paa! likapasuka,
na baridi ikanigusa magoti
saa saba mchana, Oktoba.

Nimeokoa mawili.
La tatu nililifikia limekuwa ngumi ya mtoto;
nikalitia mdomoni,
likaning'ata meno.

Andika deni, Chiwanga.
Ila perege walioonja baridi bure,
hao nitawadai vipi?