Madirisha ya Nazibrola

Alikuja dukani kwangu Kutaisi siku ya theluji chafu,
laptopu ameifunga kwa shali ya sufi
kama mtoto mwenye homa.
"Ina wageni," akasema. "Wengi. Sina viti."

Nikaiwasha. Kabla sijagusa kitu
likachomoza dirisha: UMESHINDA!
Juu yake jingine, mafuta ya magoti,
juu yake mwanamke mwenye meno kupita kiasi,
kisha king'ora, kisha saa inayohesabu kinyumenyume
dakika tatu za mwisho za bei ambayo haijawahi kuwepo.
Hakuna aliyebisha hodi.
Ukimfukuza mmoja, wawili wanaingilia mlango wake,
na kile kimsalaba cha kufungia, kidogo kuliko punje ya ufuta,
ukikigusa ndipo kinapokufungulia.
Mgeni wa aina hii, hata siku ya mia, hashiki jembe.

Nikamuuliza: bibi, huwa unafanyaje?
"Huwa ninawajibu."

Miaka thelathini na moja Nazibrola alikaa
kwenye ubao wa simu wa mji,
akichomeka waya huku, akichomoa kule,
na simu iliyolia haikuachwa ilie.
Basi wenye meno aliwaandikia: Asanteni, mswaki ninao.
Wa zawadi: Mpeni anayefuata.
Wa magoti aliwaeleza kwa kirefu ni goti lipi.

Sikucheka. Nilitaka,
lakini alikuwa amekunja mikono juu ya kaunta
kama mtu aliyekuja kuripoti msiba.

Nikapakua programu huria, ya bure,
iliyoandikwa usiku na watu wasiojuana,
mmoja wao anasaini kwa jina la ndege.
Haina sanduku wala risiti.
Ni orodha ya wavamizi, mstari kwa mstari,
inayorefushwa na yeyote aliyechoka.

"Na fundi wao nimlipe nini?"
Hakuna, bibi.
"Hakuna ni bei ya nani?"
Akatoa mfukoni jozi zilizotungwa uzini,
zilizochovywa katika uji wa zabibu hadi zikavaa ngozi,
akaziacha kando ya kipanya. "Mpelekee."
Nilizila mimi. Nakiri.

Ukurasa ukafunguka, ukatulia.
Bei ya kuni. Waliofariki wiki hii. Hali ya barabara ya mlimani.
Pembeni, namba ndogo ya waliozuiwa:
kumi na nne, sitini, mia mbili na kumi na mbili.
"Wote hao wako nje, na baridi hii?"
Halafu, polepole, midomo ikamcheza:
"Palikuwa na mlevi, mwaka wa themanini na mbili,
kila Jumamosi akipiga simu kumtukana mke aliyemkimbia.
Nilichomoa waya wake. Kila Jumamosi.
Laini imekatika, nilimwambia.
Mkuu wa kazi hakujua. Mke hakujua.
Kumbe nami nilikuwa programu."

Jumatatu alirudi, bila shali, bila salamu.
"Umemfungia nje Khatuna."

Binti yake. Yuko Thesaloniki, anamtunza mzee wa Kigiriki,
humpigia mama saa tatu usiku
katika dirisha linalochomoza lenyewe, bila hodi,
ndiyo, sawasawa na wale wa magoti.
Siku tatu mlinzi wangu alimhesabu pamoja na takataka,
mara tatu kati ya elfu moja mia nne,
na mama mtu akiitazama namba ikipanda
akafurahi.

Nikafungua mipangilio.
Sehemu ya wanaoruhusiwa ilikuwa nyeupe, haina hata jina.
Nikaandika anwani, nikimsomea herufi kwa herufi,
naye akifuata kwa kidole hewani,
kidole kile kile, kikitafuta tundu.
"Ruhusu daima," nikasoma.
"Hapo," akasema. "Hapo hapo. Unganisha."