Nyayo Bapa

Walinivua viatu uwanjani Nyayo
mwaka ule wa kuandikisha askari.
Wakanipima urefu, wakanihesabu meno
kama mnunuzi wa punda,
kisha afande mmoja akanimwagia maji miguuni:
Kanyaga hapo kwenye saruji.
Nikakanyaga.
Alama ikatoka nzima, pana,
chapati isiyo na pengo.
"Huna upinde, kijana. Gwaride halitaki mguu wa bata."
Nikarudi Muthurwa nikijicheka peke yangu:
kukataliwa nyayo
ndani ya Nyayo.

Marikiti hawakuniuliza upinde.
Gunia la viazi kutoka Kinangop halisomi cheti,
linauliza shingo tu.
Mutisya ndiye aliyenifunza kuvuta:
Usivute kwa mikono, we mjinga,
lala mbele, uzito wako ubishane na wake.
Ukiteremka Haile Selassie, ning'inia,
mkokoteni ukubebe wewe.
Na miguu ile ile ya bata,
juu ya matope na maganda ya kabichi,
iling'ang'ania lami kama kupe
wakati wenye upinde wao
wakiteleza na nyanya za watu.

Miaka kumi na mitatu.
Bega la kushoto limeshuka, sijui lini.

Halafu Jumanne moja akaja mwalimu Wangeci,
amekuja kununua nduma,
akaniangalia shingo mpaka nikafunga kifungo.
"Mia nane kwa saa," akasema. "Kazi ni kusimama."
Kusimama tu?
"Kusimama tu."
Katika Nairobi hii ambapo ukisimama unagongwa!

Chumba kilikuwa Ngara, juu ya duka la vitambaa.
Wanafunzi kumi na mmoja wamenizunguka,
na mkaa, ule ule niubebao kwa gunia,
wameushika kwa vidole viwili
kama sigara.
"Simama kawaida."
Niliitafuta hiyo kawaida, sikuwa nayo.
Mikono ilienda nyuma yenyewe kutafuta mpini,
kifua kikatangulia,
nikawa mtu anayevuta kitu kisichokuwepo.
"Hapo hapo. Usijirekebishe."

Dakika ya ishirini magoti yakaanza kutetemeka.
Mimi, wa magunia kumi na mawili ya vitunguu,
nimeshindwa na hewa.
Yule wa zamu kabla yangu, Atsango, mcheza dansi,
alikuwa amesimama kwa mguu mmoja nusu saa,
korongo mtupu, hata kope haikucheza.
Lakini mlangoni nilimwona akiinua ndoo ya rangi
kwa mgongo badala ya mapaja,
akaguna kama mzee.
Nikamwonyesha. Akanionyesha na yeye
mahali pa kuficha pumzi.

Wakati wa chai nikazungukia mbao zao.
Jamani.
Karibu wote walikuwa wamenichora askari:
mabega sawasawa, tumbo limeingia,
na chini, taratibu, kwa huruma,
wamenitilia upinde.
Nilisimama mbele ya yule afande wa mkaa
mwenye uso wangu,
nikatamani kumsalimu kwa heshima,
nikatamani kumpaka maji.

Mmoja tu, Lekishon, kijana wa kigugumizi,
alikuwa ameanzia sakafuni.
Karatasi nzima ilikuwa miguu miwili, mipana,
kidole gumba kimoja kimeshika njia yake,
nyufa za kisigino kama mashamba ya Mwea wakati wa kiangazi.
Kufika magotini karatasi ikaisha.
"Mbona hujanichora uso?"
"N-nafasi," akasema. "N-nafasi ilikwisha."

Alfajiri, saa kumi, bomba la Marikiti linavuja.
Nikavua ndara, nikalowesha mguu,
nikakanyaga saruji, nikainama kuangalia.
Ilikuwa imeanza kukauka kutoka kingoni
Mutisya alipopiga mluzi.
Viazi vimefika.