Jani la Kabichi

Goti langu la kushoto huijua theluji kabla ya redio.
Lilisimama mbele ya mashine za soksi, hapa Łódź, miaka thelathini na mmoja.
Kiwanda kimefungwa, mashine zimeuzwa kwa kilo,
goti peke yake bado linaingia zamu ya usiku.

Daktari kaniandikia vidonge. Vimo kwenye droo
pamoja na betri zilizokwisha na miwani ya marehemu Ludomir.
Vinanichoma tumbo, na mimi tumbo langu nalipenda.

Basi dawa hutoka ghorofa ya tatu, kwa Bi Leokadia,
anayeshuka ngazi mojamoja, ubavuubavu kama kaa,
kabichi kwapani.
"Chagua jani la nje, lenye mishipa," huniamuru,
kana kwamba sikumsikia jana, na juzi.
"Liponde mpaka litoe machozi. Lisipolia, halitibu."
Naliponda kwa mti wa kusukumia unga.
Vikombe vinarukaruka.
Kwenye boksi lake kando ya bomba la joto, Guzik anaamka.

Guzik ni simbilisi. Jina lake maana yake kifungo,
na kweli ni mviringo, mweusi,
macho mawili kama matundu ya kupitishia uzi.
Mjukuu wangu aliniachia kwa wiki mbili.
Huu ni mwaka wa tatu. Mjukuu sasa ana pikipiki.

Harufu ya kabichi ikimfikia hupiga mbinja,
mbinja ndefu, ya askari wa barabarani,
mpaka Leokadia huziba masikio kwa mikono yake
yenye vidole vilivyopinda, kila kimoja na njia yake.
"Panya huyu!" husema. "Kwetu kijijini..."
Humkatiza. Najua kwao kijijini walifanyaje.

Jani gotini, juu yake mfuko wa nailoni,
juu yake skafu ya Ludomir, ya sufu, imeliwa na nondo pembeni.
Jino la pembe si dawa ya pengo, naam,
lakini mdomo nao unataka kujaa.

Sasa siri, na msimpelekee Leokadia:
jani halijawahi kufika asubuhi.
Taa ikizimwa namtoa Guzik, namweka mapajani,
papo hapo pua yake inazama chini ya skafu
na naisikia kazi ikianza, karu, karu, karu,
jani likipungua kutoka ukingoni.
Akimaliza hukaa palepale, juu ya goti,
kashiba, wa moto kama kiazi kilichotoka jivuni,
akitetema kidogo kama friji ya zamani.
Nami nalala. Nalala kweli.

"Limesaidia?"
"Limesaidia."
"Si nilikwambia! Kabichi!"
Na jioni, kabichi nyingine.

Jumanne hakushuka na kabichi.
Alishuka mikono mitupu, viganja vimekunjika kama vimeshika maji.
Akakaa. Akasifu pazia, lilelile la siku zote.
Chai ikapoa. Kisha akasema, akitazama dirishani:
"Jani lako linaliwa. Nimejua tangu Novemba.
Vinyesi vimejaa kwenye skafu, Mirka, mimi si kipofu.
Niazime. Usiku mmoja tu. Kwa vidole hivi."

Nikamfunga Guzik kwenye taulo, nikatia na nyasi kavu.
Akampandisha ndani ya aproni, akimsemesha njiani
kwa sauti ambayo hajawahi kunisemesha mimi.

Usiku ule nililala na jani zima.
Juu ya dari mbinja ililia mara moja, ikakatika,
halafu kicheko, cha Leokadia,
ambacho nilidhani kilizikwa na mumewe.

Asubuhi jani lilikuwa palepale, limenyauka, la baridi,
mishipa yake yote kamili.
Goti liliuma kama lililofanya zamu mbili.
Nikaliosha lile jani, nikaliweka kwenye sahani,
nikashika ukuta,
nikaanza kupanda ngazi, mojamoja,
ubavuubavu kama kaa.