Mwendo wa Kijiko

Leo maji ya Tudor yana rangi ya chai ya maziwa
iliyopikwa na mtu mchoyo wa majani.
Masika yamekwisha juzi tu,
mitaro ingali yatema matope,
nami nimepanga chambo juu ya kanga kuukuu
kama wateja wapangavyo vifungo mezani pangu:
hiki chang'aa mno, hiki kimefifia,
hiki kizuri, lakini si cha nguo hii.

Kuna samaki wa plastiki, mgongo buluu, tumbo chungwa,
mwenye vijiwe ndani vipigavyo kayamba.
Famau alinitoza mia nane, Kongowea,
akaapa kwa ndevu ambazo hana
kwamba mzia atamsikia toka Mtwapa.
Kuna unyoya wa jogoo niliofunga kwa uzi wangu mwekundu.
Na kuna kijiko.

Kijiko ni cha seti ya mama. Vilikuwa kumi na viwili,
vya kulia faluda.
Nilikata mpini kwa msumeno wa chuma,
nikatoboa huku na huku, nikatia pete na ndoana.
Dada yangu Mwanaidi hajui.
Huvihesabu kila sikukuu.

Famau ana mwendo mmoja: mbio.
Hutupa, akazungusha rili kama mchuuzi aliyeona askari wa kaunti.
"Mzia ni mwizi, fundi! Mwizi hupenda kukimbizana!"
Kweli, maji yakitakata,
ukiweza kuhesabu kucha za miguu yako ndani yake.
Lakini leo?
Leo mzia mwenyewe haoni mkia wake.
Ukimpitishia kitu kwa mbio, atasikia upepo tu.

Mguu wangu una miaka ishirini na sita
juu ya kanyagio la cherehani.
Najua mwendo wa hariri na mwendo wa turubali.
Najua uzi haukatiki kwa kasi,
hukatika kwa pupa.

Basi natupa kando ya mkondo.
Moja, mbili, tatu, kizame.
Nazungusha mara moja, nangoja.
Mara mbili, nangoja.
Huko chini chayumba
kama mtoto ndani ya viatu vya babake,
na ufito waniambia kiganjani: tik, tik, tik.
Ukinyamaza, nimelala.
Ukitetemeka kama jino bovu, nimezidisha.
Kati ya hapo pana mahali pembamba,
tundu la sindano,
nami natia mate uzi, najaribu tena.

Mwani.
Mwani.
Mfuko wa nailoni, wa enzi za kabla ya marufuku.
Famau kahamia upande wa pili kwa hasira.
Mwani.

Kisha, nyuma ya kijiko, kivuli.
Kirefu kuliko futi yangu ya kupimia nguo,
na jicho kama kifungo cha koti la askari.
Yuwafuata. Hali. Hakimbii.
Yuwatazama tu, kama mteja mjuzi
ageuzaye nguo aone mshono wa ndani.
Kijiko kimebakiza pima moja kufika ngazini.
"Kimbiza!" Famau anong'ona. "Kimbiza, fundi!"

Sikukimbiza. Wala sikutoa.
Nilichovya ncha ya ufito majini nikachora nane,
si ile ya Kiarabu iliyo kama paa la makuti,
ile ya daftari la shule, yenye viuno:
nikapinda taratibu, nikavuka,
na kwenye pindo la pili nikaongeza mwendo
kidogo,
kama umalizavyo kola.

Akala.

Na mimi, mwenye hekima zote hizi za uzi,
nikavuta kwa pupa.

Mshipi ulikatika kwa sauti nijuayo.
Famau alicheka hata akaketi penye tope.
Sasa mahali fulani chini ya daraja la Nyali
pana mzia mwenye kijiko cha mama mdomoni,
nami nina vijiko kumi na kimoja
na siku tisa kabla ya Idi.

Naokota unyoya wa jogoo.
Nafunga. Nalegeza. Nafunga upya,
polepole.