Lumbesa

Mama aliuza viazi Uyole, kando ya lami,
viazi vya Isyonje, udongo bado umevigandia,
na kitu alichokichukia kuliko mvua ya Aprili
kilikuwa lumbesa:
gunia limeshajaa, limeshafika mdomoni,
mnunuzi anashonea wavu juu yake, anapandisha kilemba,
anajaza tena debe, na debe jingine,
halafu analipa gunia moja.
"Gunia nimemuuzia," mama alikuwa akisema,
"hicho kichwa kakitoa kwangu bure."

Kwa kilichosalia chini ya vichwa hivyo
alinunua fleti. Namba saba, ghorofa ya pili,
jengo la ushirika pale Forest, ngazi za sementi nyekundu,
na dirisha la jikoni ambalo asubuhi
Loleza inasimama ndani yake nzima nzima.
Hati iliandikwa: miaka thelathini na mitatu.
Mama hakusoma miaka. Alisoma jina lake,
Ambwene, herufi kwa herufi, akanipa nami nisome.

Amefariki Juni, baridi ikiuma hata mabati.
Miaka kumi na tisa imebaki, na mimi naishi Tunduma.
Nauza. Mwalimu Lwitiko wa Iyunga kakubali milioni ishirini,
tumeshikana mikono, nikadhani tumemaliza.

Bwana Sanga wa ofisi ya ushirika
alivuta droo taratibu, kama mtu anayeamsha mtoto.
"Kuna ada ya ridhaa, dada. Laki sita."
Ridhaa ya nani?
"Ya ushirika. Kukubali kwamba wewe umekubali."
Gunia kumi, nikahesabu. Siku hizi gunia elfu sitini.
"Kuna barua ya kutodaiwa." Nadaiwa nini?
"Hudaiwi. Ndiyo maana ya barua."
Gunia mbili.
"Na mchango wa paa, laki tisa."
Paa lipi, baba? Tangu mwaka juzi
mama aliweka sufuria sebuleni chini ya tone.
"Paa litakalojengwa."
Gunia kumi na tano, za kujikinga na mvua
itakayomnyeshea mtu mwingine.
"Kutafuta jalada, elfu thelathini."
Jalada lilikuwa mezani. Kikombe chake cha chai
kilikuwa juu yake, na duara la unyevu
limelizunguka jina la mama.

Sikupiga kelele. Nilichoka.
Nikasema tu, kwa sauti ya kujisemea:
hii ni lumbesa.

Akanyanyua macho. "Umesemaje?"
Nikarudia.
Akakaa kimya muda wa lori zima kupanda mlima.
"Mzee wangu alilima viazi Makete," akasema.
"Kilemba kile nilikuwa nakishona mimi, nikiwa darasa la tano.
Mnunuzi alinipa pipi."
Akachukua kalamu. Akapita kwenye ridhaa, hakugusa.
Akapita kwenye barua. Akapita kwenye paa.
Akafika kwenye jalada, akachora mstari,
akaurudia mpaka karatasi ikataka kutoboka.
"Hii haikuwa ya ushirika," akasema, bila kuniangalia.
Nusu gunia.
Nikamwambia ndaga, na sijui mpaka leo
kama nilimaanisha asante.

Nililipa zilizobaki. Risiti nne, mihuri sita,
mmoja umepigwa kichwa chini.
Ijumaa nikamkabidhi Lwitiko funguo.
Alikuja na mkewe na mtoto mgongoni,
na mvua, kwa kuwa mvua haina ratiba ya vikao,
ilianza tukiwa mlangoni.
Tone likaanguka sebuleni,
likalia ndani ya sufuria ya mama.
Nikasema, ile nawaachia, msiiondoe pale.
Lwitiko akaitazama. Akaingiza mkono mfukoni polepole,
mtu aliyekwisha kujifunza ofisi zetu:
"Na hiyo, dada, shilingi ngapi?"