Asilimia Sitini na Tatu

Zamani nilikuwa nawasha mashini,
naurudisha mlango nusu, nashuka ngazi za udongo
hadi kwa Cibalonza, nanunua sambaza za kukaanga,
tunasema watu, tunawasamehe, tunawasema tena,
na nikipanda nakuta kile kiduara bado kinazunguka
kama mbwa anayetafuta pa kulala.

Hapo ni Kadutu, juu ya soko, sekretaria yangu:
meza moja, printa moja, karatasi chini ya plastiki
kwa sababu bati linavuja.
Mwezi wa saba wanafunzi wanaleta kazi zao za mwisho
kwenye fleshi zilizopita mifukoni mwa chuo kizima,
na kila fleshi inaniachia mgeni.

Akaja kijana mmoja, Akonkwa, viatu vinang'aa hata kwenye vumbi.
"Mama Nsimire, faranga elfu tano, naitia dawa ya kasi.
Itaruka kama pikipiki ya Nguba."
Nikauliza dawa hiyo imetengenezwa na nani.
Akatazama dari.
Nimelea watoto wanne.
Dawa isiyo na jina la mtengenezaji haiingii kinywani.

Nikaanza mwenyewe, polepole, kama kuchambua maharage.
Kwanza nikanakili kila kitu kwenye diski ya nje,
nikaifunga kwenye kitenge, nikampelekea dada yangu Muhungu:
nyumba ikiungua, tasnifu zisiungue nayo.
Kisha nikazima, nikatoa betri, nikafungua tumbo.
Vumbi! Jekundu, la barabara yetu yenyewe.
Feni ilikuwa imevaa sweta.
Nililitoa kwa brashi ya poda ya binti yangu Ntakwinja.
Hajui. Msimwambie.

Halafu zile programu zinazoamka kabla ya mwenye nyumba:
moja ya printa niliyoiuza mwaka juzi,
kila alfajiri bado inaamka kuitafuta;
moja inataka kunieleza hali ya hewa, nami nina dirisha.
Sikuzifukuza. Nilizizuia kuamka tu.
Atakayehitajika ataitwa.
Nikafuta mafaili ya muda, nikamwaga kapu la taka
baada ya kulichungulia mara mbili,
maana niliwahi kumwaga sura ya tatu ya mtu
na alilia hapa, kwenye kiti hiki,
mwanaume mzima, mwaka wa mwisho wa sheria.
Faili nisilolijua jina nililiacha lilipo.
Nyumba ina nguzo zisizopendeza macho.

Likabaki sasisho.
Sasisho linataka umeme usiokatika, na umeme wa Ruzizi
una tabia za mchumba wa mbali: unakuja usiku, bila kupiga simu.
Saa saba taa ikawaka.
Nikarudisha betri, nikachomeka waya, nikabonyeza.
*Usizime kompyuta yako.*
Nani azime? Nilikuwa nimejifunika blanketi, macho kodo.
Kumi. Thelathini. Hamsini na tisa.
Sitini na tatu, na giza likaanguka
kutoka Kadutu mpaka Nyawera,
skrini peke yake ikabaki inaniangalia.
Betri: dakika arobaini, kama haisemi uongo.
Sikuomba kwa sauti. Nilipunguza mwanga wa skrini,
kidogo, kidogo tena,
kama mtu anavyopunguza moto chini ya sufuria.
Sitini na tatu.
Sitini na tatu.
Mbwa wa jirani alibweka mpaka akachoka.
Sitini na nne.

Asubuhi niliiwasha, nikageuka kutundika koti,
nilipogeuka tena ilikuwa tayari, kimya, inaningoja mimi.

Leo ni wiki ya pili. Foleni imefupika, wateja wanasifu.
Jana Cibalonza alipanda mwenyewe, sahani imefunikwa,
akasimama mlangoni akiitazama ile mashini
kama mke mwenza.
"Siku hizi huoni njaa?"
Nikamsogezea kiti.
Mwanafunzi wa kwanza alikuwa ameshanyoosha fleshi yake.
Ngoja kidogo, mwanangu, nikamwambia,
bado inaamka.